Kasi ya Gari na Mwendo wa Taifa

Asubuhi katika kata ya Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, huanza kwa miguu. Watoto huelekea shuleni, wakulima huelekea mashamba ya alizeti na mtama, na mikokoteni ya ng'ombe hupita taratibu ikiwa na magunia au mapipa ya maji. Wakati huo huo, barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hupitisha usiku na mchana malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo, pamoja na mabasi ya Mwanza, yakiuteremka na kuupanda mlima Sekenke. Mwendo wa ng'ombe na mwendo wa injini hukutana huko kila siku, na inapotokea ajali, anayeumia zaidi ni yule aliyekuwa akitembea kwa miguu.

Mazingira hayo yafaa kukumbukwa wakati wa kuzisoma habari za viwanda vya magari vya ng'ambo. Kampuni ya Toyota ya Japani, ambayo Mtanzania wa kawaida huijua kwa magari ya kazi, imekuwa ikipanua mfululizo wa magari yanayotoka kiwandani yakiwa yamekwisha kunolewa kwa ajili ya kasi. Mfululizo huo huitwa GR, kifupi cha Gazoo Racing. Ilianza GR Supra mwaka 2019, ikafuata GR Yaris mwaka 2020, GR86 mwaka 2021 na GR Corolla mwaka 2022. Desemba 2025 ikaonyeshwa GR GT, yenye injini ya silinda 8. GR Yaris ni gari dogo la silinda 3, lenye injini isiyofika ujazo wa lita 2, lakini nguvu zake ni zaidi ya mara mbili ya zile za Yaris ya kawaida.

Toyota haiko peke yake. BMW ilianzisha idara yake ya magari ya mashindano mwaka 1972, Volkswagen ikatoa Golf GTI mwaka 1976, na Hyundai ya Korea Kusini ikaingia katika uwanja huo kwa gari lake la i30 N mwaka 2017. Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini kampuni inayouza mamilioni ya magari ya kawaida ijisumbue na magari ya wachache?

Jibu la kwanza ni la kibiashara. Magari ya kawaida yamekaribia kufanana, na faida yake ni nyembamba. Mwenye fedha yu tayari kulipa zaidi kwa ajili ya jina, na mng'aro wa gari la mashindano huliangazia hata gari la sokoni, hivi kwamba mnunuzi wa Corolla ya kawaida hujiona ana udugu na mshindi. Hiyo ni hesabu ya kibepari, nayo imefanywa kwa makini.

Jibu la pili ni la kiufundi, na haifai kulidharau. GR Yaris ilizaliwa kutokana na mashindano ya magari ya dunia, ambayo kanuni zake zilimtaka mtengenezaji auze kwa umma gari la aina anayotaka kushindana nalo. Mashindano ni maabara. Mwezi Mei 2021 Toyota ilipeleka Corolla yenye injini inayochoma haidrojeni katika mashindano ya saa 24 ya Fuji, ili injini hiyo iteswe hadharani kasoro zake zionekane. Aidha, mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika ratiba ya dunia mwaka 2021 huko Naivasha, Kenya, Toyota ilishinda mwaka huo na kila mwaka hadi 2025. Vumbi na mawe ya Afrika Mashariki vimekuwa mwalimu wa mhandisi wa Kijapani.

Lakini historia ya mashindano hayo ina fundisho jingine. Yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi sifa yake haikuwa kasi tupu. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, kati ya magari yote yaliyoanza safari, ni 7 tu yaliyofika mwisho. Mshindi katika miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404. Hilo lilikuwa gari la familia, ambalo mtumishi au mfanyabiashara aliweza kulikuta likiuzwa mjini. Watu waliliheshimu kwa sababu lilifika. Kipimo kilikuwa kufika, na kasi ilikuwa nyenzo tu ya kufikia.

Kipimo hicho ndicho kinachopaswa kutumika leo nchini, na kitumike katika mambo matatu.

La kwanza ni usalama wa barabara. Tanzania hupokea kwa wingi magari yaliyokwisha kutumika Japani. Maana yake ni kwamba kinachotengenezwa huko leo kitafika Bandari ya Dar es Salaam baada ya miaka kadhaa, kwa bei ambayo kijana mwenye mshahara wa kati ataiweza. Ndivyo ilivyokuwa kwa Altezza, Mark II na Subaru. Magari yenye nguvu maradufu yatakuja, yawe yanatakiwa au hayatakiwi. Kila mwalimu wa fizikia anaweza kuwaeleza wanafunzi wake kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne. Ng'ombe wa mkokoteni hajui hesabu hiyo, wala mtoto wa darasa la kwanza anayevuka barabara. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, lakini kibao cha barabarani hakina mikono ya kumzuia dereva. Yapasa ukaguzi wa magari usiishie kwenye taa na matairi, bali uangalie pia injini zilizoongezwa nguvu na vidhibiti mwendo vilivyong'olewa. Halmashauri nazo zisingoje mtoto afariki ndipo ziombe matuta na vivuko mbele ya shule.

La pili ni matumizi ya mali ya umma. Pamoja na magari halisi ya GR, Toyota huuza pia magari ya kazi yenye nembo ya GR Sport, yakiwamo Hilux na Land Cruiser 300 iliyotoka mwaka 2021. Hayo kwa kiasi kikubwa ni magari yale yale, yaliyobadilishwa springi na shokomzoba na kupambwa kwa nembo. Mtu binafsi ana hiari ya kununua pambo kwa fedha yake. Mtumishi wa umma anayeandika sifa za gari la idara hana hiari hiyo, kwa sababu kalamu anayoishika ni ya mkulima wa Ulemo. Gari la kupeleka chanjo, mitihani au mbegu vijijini lichaguliwe kwa kazi yake, kwa matumizi yake ya mafuta na kwa urahisi wa kupata vipuri na fundi. Wasomaji wenye umri mkubwa wanakumbuka miaka ambayo magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Zuio hilo limekwisha, lakini mafuta ya petroli na dizeli bado yananunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Nembo ya mashindano kwenye gari la ofisi haimfikishi mgonjwa hospitalini mapema zaidi.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni ufundi. Toyota haikuanza na kasi. Sakichi Toyoda alikuwa mbunifu wa mashine za kufuma nguo, na mwaka 1924 alikamilisha mashine iliyojiendesha yenyewe. Mwaka 1929 haki ya mashine hiyo iliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyokuwa bingwa wa viwanda vya nguo. Mwanawe, Kiichiro, akaanzisha idara ya magari mwaka 1933, na kampuni ya magari ikazaliwa mwaka 1937. GR ya leo ni tunda la mti uliopandwa katika karakana ya kutengeneza nyenzo za kazi ya kila siku.

Tanzania nayo ilipanda mti huo. Huko Kibaha kilijengwa kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania, na Shirika la Nyumbu, lililoundwa rasmi mwaka 1985, likatengeneza lori lililobuniwa na Watanzania wenyewe. Ubungo kilijengwa kiwanda cha zana za kilimo cha UFI, na Arusha ikaanzishwa CAMARTEC mwaka 1981 kwa ajili ya zana na teknolojia za vijijini. Si yote yaliyopandwa yalimea. Uhaba wa fedha za kigeni ulichangia, lakini pia uongozi mbovu wa viwanda na kasumba ya kudhani kwamba kitu cha nje ni bora hata kabla ya kukijaribu. Kosa hilo likiri wazi, maana ugonjwa unaofichwa hautibiki.

Fursa imerudi kwa njia ya shule. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imefungua mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Sera hiyo itakuwa karatasi tu ikiwa amali itafundishwa ubaoni kwa chaki. Shule ya Iramba inahitaji karakana ambamo mwanafunzi atafungua injini ya pikipiki na kuifunga tena, atachomelea ekseli ya mkokoteni, atanoa plau na kutengeneza mashine ndogo ya kukamua alizeti. Mwalimu wa amali apewe vifaa na heshima sawa na mwalimu wa somo lolote jingine, na afisa anayepanga bajeti ajue kwamba bei ya gari moja la fahari ingeweza kununua vifaa hivyo.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni wivu wa maskini. Sivyo. Hakuna ubaya kwa kijana wa Singida kupenda gari la kasi. Ubaya ni kumlea aishie kulipenda, kulinunua likiwa limechakaa na kuhatarisha maisha ya wenzake, bila kujua ndani yake mna nini. Mkokoteni wa Ulemo utakapokuwa na ekseli iliyochongwa na mwanafunzi wa Ulemo, na mtoto akavuka barabara akafika shuleni salama, nchi itakuwa imeanza kwenda. Kasi itafuata.