Chama au Aziz Ki? Mimi nampa Fei Toto

Wadau, ubishi wa namba kumi bora wa Ligi Kuu ukianza hapa stendi ya Buzuruga, majina ni mawili tu: Chama na Aziz Ki. Ukitaja mwingine unaambiwa hujui mpira.

Sawa, pasi za Chama ni sumu, hilo sibishi. Aziz Ki naye msimu wa 2023/24 kafunga 21, kawa mfungaji bora. Ila msimu huohuo Fei Toto kafunga 19 akiwa Azam! Katoka Yanga kwa ugomvi wa mkataba, vijiweni tulishamzika, halafu Azam ikamaliza ya pili, Simba ya tatu. Kwangu huyo ndiye fundi.

Shida yetu tunampima mchezaji kwa jezi. Tangu Mtibwa ibebe ubingwa 1999 na 2000, nje ya Simba na Yanga kabeba Azam tu, 2014. Hiyo ni ligi au ni zamu ya watu wawili?

Na sisi Mwanza tumo. Pamba Jiji imerudi Ligi Kuu 2024 baada ya miaka zaidi ya 20, lakini Simba au Yanga ikija Kirumba, angalia jukwaani rangi zipi zimejaa. Dogo wa hapa akipiga pasi ya maana siku hiyo anashangiliwa na nani? Mpaka asajiliwe Dar ndo tunamuona.

Mbao FC walifika fainali ya Kombe la FA 2017, Simba wakawafunga 2-1. Haya, nitajie kiungo wao mmoja bila kuchungulia simu.