Nani Atamfuata Mtoto Hadi Kilema?

Naanza kwa kukiri, maana bila hivyo nitakuwa nahubiri tu. Muhula uliopita kundi letu lilipewa kazi ya utafiti kuhusu watoto wanaokosa shule: dodoso 60, kaya 60, huko kwetu Kilema. Tulifika kaya 38. Mvua ikatukuta, nauli ikakata, bumu nalo halijaingia. Tukakaa kwenye kibaraza cha duka, tukazijaza zile 22 zilizobaki wenyewe. Tulibadilishana kalamu ili miandiko isifanane. Alama tulipata nzuri tu.

Kama unacheka najua kwa nini. Karibu kila aliyefika mwaka wa tatu anajua maana ya kupika data, na asiyejua kupika anajua steshenari ya kwenda kununua kilichopikwa. Huwa tunasema ni kazi ya darasani, haimuui mtu. Hapo ndipo nataka kubishana, na nitabishana kwa kutumia eneo ambalo sisi wa ualimu tunaamini halituhusu hata kidogo: utafiti wa dawa za saratani ya watoto.

Ukimtajia mwanachuo mtafiti wa dawa, anamwona mzungu mwenye koti jeupe ameinamia darubini. Lakini sura moja kubwa ya historia ya dawa hizi iliandikwa hapa hapa Afrika Mashariki, na ilianza na kitu tunachokifahamu vizuri, yaani karatasi ya maswali. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwangalie mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote. Baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule. Hakuwa na maabara ya kujivunia. Alichapisha karatasi zenye picha za uvimbe huo, akazituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama kuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Majibu yalipoingia, akawa anachomeka pini kwenye ramani.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri maili 10,000 hivi, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ndipo ikaonekana wazi kwamba ugonjwa huo unapenda nchi za chini zenye joto na mvua, na kwamba kwenye miinuko ya baridi, huku kwetu kwenye migomba, unakuwa adimu. Ramani hiyo iliwafanya watu waanze kufikiria malaria. Vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London ndivyo vilivyowaonyesha Epstein, Achong na Barr kirusi kipya mwaka 1964. Sasa fikiria daktari mmoja wa misheni, amechoka, anataka karatasi imtoke mezani, anajibu "ndiyo, nimeuona" bila kuuona. Pini inachomekwa mahali pasipo na ugonjwa, na ramani nzima inaanza kudanganya.

Upande wa dawa, Sidney Farber wa Boston alikuwa ameonyesha mwaka 1948 kwamba saratani ya damu ya watoto inaweza kurudishwa nyuma kwa dawa, japo kwa muda. Uganda haikuwa na mashine za mionzi, kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa: methotreksati, siklofosfamaidi, baadaye vinkristini. (Hiyo ya mwisho inatoka kwenye ua lenye asili ya Madagaska, lile la pinki lenye petali tano ambalo watu hupanda mbele ya nyumba bila kujua kazi yake. Msilichume mkachemsha, ni sumu.) Taya zilizovimba zilinywea ndani ya siku chache. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha tiba ya limfoma hapo Mulago chini ya John Ziegler kutoka Marekani, na Wamarekani walipoondoka enzi za Amin, Charles Olweny, Mganda, akakiongoza. Leo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kuna jambo moja katika habari hizo ambalo bado linanishangaza. Baadhi ya watoto walipata dozi chache tu, wakachukuliwa na wazazi wao kurudi kijijini. Kwenye faili mtoto wa namna hiyo ni "hakurudi", na aliye hospitalini anadhani amekufa. Lakini watu walipojipa kazi ya kuwafuata, waliwakuta wengine hai miaka kadhaa baadaye, wanacheza. Wengine kweli walikuwa wamekufa. Bila mtu wa kutembea hadi nyumbani usingeweza kujua dawa imefanya nini, na idadi ya waliopona ungeikosea juu au chini.

Sasa nije Kilema. Kuna mama jirani yetu, namwita shangazi ingawa si wa damu. Mwanaye wa miaka sita alivimba tumbo. Walizunguka muda mrefu wakiambiwa minyoo, mara bandama, hadi hospitali moja kubwa ikasema ni saratani ya figo, ile inayoitwa uvimbe wa Wilms, ambayo ikitibiwa mapema na kikamilifu watoto wengi hupona. Madaktari walianza na dawa ili uvimbe upungue kabla ya upasuaji. Tumbo likanywea. Shangazi akarudi nyumbani na mtoto, na tarehe ya kurudi hospitali ikapita. Miezi minne baadaye tumbo likapanda tena. Safari hii halikushuka, na mtoto tukamzika kihambani.

Nilimuuliza, kwa woga, kwa nini hawakurudi. Nilitegemea anitajie nauli. Alisema, "Mwalimu wangu, waliniambia anaendelea vizuri. Mtoto anayeendelea vizuri unampeleka kukatwa tumbo kwa ajili gani?"

Neno hilo, "anaendelea vizuri", sijaacha kulifikiria. Aliyelisema alimaanisha dawa imeanza kazi. Aliyelisikia alielewa kazi imekwisha. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku hatuna neno moja linalosema uvimbe umetulia ila haujaondoka, na mtu anayepaswa kulitafuta neno hilo, kulijaribu kwa akina mama 50, kuona nani ameelewa nini, si mkemia. Ni mtu aliyesomea namna ya kufundisha.

Ndiyo maana nasema kazi hii inatuhusu. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na kwenye nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Tangu 2018 limejiwekea lengo la angalau asilimia 60 duniani ifikapo 2030. Dawa nyingi zinazotumika ni zile zile za miaka ya 1950 na 60. Katika sababu za tofauti hiyo, pamoja na kuchelewa kugundua ugonjwa, imo ya kuacha matibabu katikati. Kwa hiyo ukitaka kujua dawa fulani inafanya kazi kiasi gani kwa mtoto wa Kilema, swali lako moja liko kwenye chupa na jingine liko kwa shangazi, na la pili lina watafiti wachache kuliko la kwanza.

Najua pingamizi, nimelisikia kantini. Utafiti hauna ajira, sisi tunasubiri serikali. Sawa, tunasubiri, na wengine watasubiri sana. Lakini kila jaribio la dawa linahitaji mtu wa kuandika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili ambacho bibi ataelewa, mtu wa takwimu, mtu wa kupiga simu na simu isipopatikana apande bodaboda. Ni ajira zisizotangazwa kwenye ubao wetu kwa sababu hakuna anayetufikiria, na sisi wenyewe hatujifikirii. Mshauri wangu mmoja aliposikia kichwa cha utafiti ninaoutaka mwaka huu aliniambia niwaachie madaktari. Nimekiwasilisha hivyo hivyo.

Tatizo ninaloliogopa zaidi ni letu. Mtu aliyezoea kujaza dodoso kibarazani hawezi kuamka asubuhi moja akawa mtu wa kumfuata mtoto hadi mwisho wa barabara. Atafika Himo, mvua itaanza, ataandika "hakurudi" au, mbaya zaidi, "anaendelea vizuri".

Nimebakiza kitu kimoja ambacho sijawahi kumwambia mtu wa kundi letu. Kaya namba 41 kwenye orodha ile ilikuwa ya shangazi, na ilikuwa kati ya zile 22. Wakati ule mtoto alikuwa nyumbani, tumbo limeshuka, amerudi kutoka hospitali na hajapelekwa tena, wala shule haendi. Swali la tisa liliuliza kama kuna mtoto aliyeacha shule kwa sababu ya ugonjwa. Kwa mwandiko wangu mwenyewe niliandika "Hapana". Sisemi tungemwokoa. Hatukuwa madaktari na pengine tungeandika jibu tukaondoka. Lakini tungekuwa tumegonga mlango.

Desemba hii, watu wakipanda nyumbani kwa Krismasi, napanda na zile karatasi 22 tupu. Wenzangu wa kundi, mnajijua. Nauli ya Hiace kutoka Moshi nitawalipia, ila kuhusu mvua siahidi kitu.