Maharage Kwanza Yatokote

Mwandishi wa safu ya mapishi anadai kwamba mwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole hana haja ya kuchemsha maharage kwanza. Atupie makavu asubuhi, aongeze nyanya na tui, aende kazini. Mengine ni woga wa bibi zetu. Basi bibi zetu walikuwa sahihi.

Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini. Punje nne au tano tu zinaweza kumtapisha mtu mzima ndani ya saa chache. Mchemko mkali huivunja sumu hiyo, lakini moto wa sufuria hiyo, hasa ukiwekwa chini, huenda usifike hapo. Tena kwenye nyuzi 80 hivi maharage yanaweza kuwa na sumu kali kuliko yakiwa mabichi. Yatalainika, yatanukia, na bado yatakulaza chini.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri kuyaloweka saa 5 au zaidi, kumwaga maji yale, kisha kuyachemsha kwa maji mapya dakika 30. Yatokote hasa, povu lisukume mfuniko. Baada ya hapo sufuria yake na ifanye kazi. Sina ugomvi nayo, na bei ya mkaa ilivyo!

Na nyanya asubuhi, jamani? Uchachu wake huchelewesha maharage kulainika. Zitiwe yakishaiva, tui zito mwisho kabisa lisije likakatika. Mwenye haraka apike choroko.