Binti Aliyechaguliwa Kusomea Michezo ya Kuigiza

Majina ya waliochaguliwa kwenda vyuo vikuu yatokapo, mtoto wa udaktari au wa sheria hupigiwa vigelegele na kuku huchinjwa. Mwaka huu binti mmoja wa usharika wetu amechaguliwa kusomea sanaa za maonyesho, tena katika chuo kidogo. Vigelegele havikusikika. Baba aliuliza kama karatasi imekosewa, na mzee mmoja akasema, "Tumemsomesha miaka yote hii akawe mchekeshaji?" Sisi walimu twataka kumjibu, kwa heshima yote, lakini bila kumung'unya maneno.

Wazee wasema kuigiza ni kusema uongo. Hasha! Na wafungue kitabu cha Ezekieli, sura ya nne. Nabii yule aliamriwa achore mji wa Yerusalemu juu ya tofali, auzingire kama afanyavyo adui, kisha alale kwa ubavu wa kushoto siku 390 mbele ya macho ya watu. Huo ulikuwa nini, ila mchezo wa kuigiza? Yeremia naye alivaa nira shingoni. Hatusomi kwamba Mungu aliwakemea, maana Yeye ndiye aliyewatuma. Huko Uingereza, karibu na mwaka 970, iliandikwa taratibu ya watawa kuwaigiza asubuhi ya Pasaka wale wanawake waliokwenda kaburini. Na wanakijiji wa Oberammergau, katika Ujerumani, walipopatwa na tauni mwaka 1633 waliweka nadhiri ya kuigiza Mateso ya Bwana. Walianza mwaka 1634, na wajukuu wa wajukuu wao waliucheza mchezo huo tena mwaka 2022.

Na udogo wa chuo je? Idara ya sanaa za maonyesho ya Dar es Salaam ilipoanzishwa mwaka 1967, chuo chenyewe hakikuwa hata chuo kikuu kamili. Kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki hadi mwaka 1970. Humo ndimo alimosoma Ebrahim Hussein, ambaye mchezo wake wa Kinjeketile, juu ya Vita vya Maji Maji, ulitoka mwaka 1969. Tena wanafunzi wakiwa wachache, hapana wa kukaa bure. Aliyekuwa mfalme jana, leo ashona kanzu, kesho ashika taa, keshokutwa awaongoza wenzake. Penye wengi mtu aweza kumaliza miaka yake yote akiwa amesimama nyuma na mkuki, asiseme neno.

Wale wasemao kwamba elimu hii haimfai mwanakijiji, twawapeleka Malya, katika mkoa wa Mwanza. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa idara ile ile ya Dar es Salaam, Penina Mlama akiwa miongoni mwao, walifanya kazi huko. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliwauliza watu shida zao, na mimba za wasichana zikatajwa; vijana wakatunga ngoma na michezo, kisha wazazi na watoto wakajadiliana. Jambo ambalo sisi hulisema toka mimbarini, na wazazi hulificha nyumbani, lilisemwa uwanjani mchana kweupe.

Tusifichane: lipo neno moja la wazee lililo la kweli. Kazi hii haina mshahara wa hakika, na mzazi aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuuliza habari za chakula. Na aulize kwa bidii: je, chuo hicho chafanya michezo, au chasoma habari zake tu? Je, binti aweza kusoma ualimu pamoja nayo? Lakini kuuliza ni jambo moja, na kumwaibisha mtoto ni jambo jingine.

Maana wazee hao hao, Noeli ikikaribia, hutuambia siku tatu kabla tutengeneze mchezo. Herode huvaa shuka la kitanda, Mariamu hasikiki hata safu ya pili, na mchungaji mmoja husahau maneno yake akalia. Mwaka jana ilikuwa hivyo, na aibu ilikuwa yetu sisi walimu, tusiofundishwa kazi hiyo.

Baraza la wazee litakutana karibuni juu ya mchango wa ada. Twaomba binti huyu atajwe pamoja na mwenzake wa udaktari, wala si mwisho, wala si kwa sauti ya chini.