Mapambo yanayokufa kila umeme ukikatika

Najua nimepotea, lawama zote zipelekwe kwa UE. Leo nina dukuduku kuhusu sisi tunaojiita watu wa Linux hapa hosteli, na naanza kujisema mwenyewe.

Rumeti wangu ana kompyuta ya mezani ya zamani, haina UPS. Mimi ndiye niliyemshawishi ahamie Xubuntu, na wala sikutumia hoja za uhuru wa programu. Nilimwonyesha mchemraba! Wazee wa Compiz mnaujua: meza nne za kazi zinakuwa pande nne za boksi unalolizungusha, na dirisha ukiliburuta linatikisika kama jeli. Kitu cha mwaka 2006 hicho, na Ubuntu 7.10 ya 2007 ilikuja na Compiz ikiwa imewashwa kabisa kwa kompyuta zilizoimudu. Nikafungua terminali, nikaandika compiz --replace, jamaa akaduwaa. Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Basi usiku mmoja kabla ya kukusanya ripoti, umeme ukakatika. Ukarudi, kawasha, mchemraba hakuna. Akaikumbuka ile amri akaiandika mwenyewe, ila kumbe alishachezea CCSM akaondoa tiki kwenye Window Decoration. Madirisha yakaja bila vichwa, hakuna pa kufungia wala pa kushusha, na ripoti iko nyuma huko. Mimi nilikuwa nimelala kwa mshkaji bloku nyingine. Saa nzima ikaenda hivyo. Asubuhi akaniambia Linux ni ya watu wasio na kazi za kufanya, na sikuwa na jibu jamani.

Kosa lilikuwa langu. Ile amri inaiondoa xfwm4, ambayo ndiyo meneja wa madirisha wa Xfce, na kuiweka Compiz kwa wakati huo tu. Ukiwasha upya, Xfce inasoma orodha yake ya vitu vya kuanzisha, na humo imeandikwa xfwm4. Yaani Compiz ilikuwa inakaimu, barua ya uteuzi haikuandikwa.

Wengi wanamaliza kwa kuingia Session and Startup na kuongeza amri ileile kwenye Application Autostart. Inafanya kazi, faili lake linakaa ~/.config/autostart. Wengine wanaitanguliza na sleep 5 ili xfwm4 iwahi kuamka kwanza. Mimi siipendi njia hii, unaamsha mameneja wawili kila siku ili mmoja amfukuze mwenzake, na kwenye mashine ya kizee unaona kabisa skrini ikishtuka. Bora uibadilishe orodha yenyewe:

xfconf-query -c xfce4-session -p /sessions/Failsafe/Client0_Command -t string -sa compiz

Halafu futa sesheni zilizohifadhiwa kwenye ~/.cache/sessions, maana zikibaki zinaweza kuirudisha xfwm4 na utaniona mwongo. Na kabla ya yote hakikisha Window Decoration ina tiki. Wa MATE mna raha zenu, mnachagua Compiz ndani ya MATE Tweak basi. Wa Wayland poleni, Compiz ni ya X11, huko jaribuni Wayfire.

Kuna watakaosema hayo ni mapambo tu, mtu asome. Sikubali. Mapambo ndiyo yaliyomleta rumeti, na yalipokufa yakafa na imani yake kwa mfumo mzima. Ukimpa mtu amri ya kubandika bila kumwambia itaishi mpaka lini na ataiondoaje, umejionyesha wewe tu, hujamsaidia. Kwa umeme wetu huu, kitu ambacho hujakijaribu baada ya kuzima na kuwasha usiseme umekifunga. Mimi sasa sitoki chumbani kwa mtu mpaka tumewasha upya mara mbili, na yeye mwenyewe ndiye kashika kibodi.

Ya rumeti tuliirekebisha Jumamosi, yeye akiandika, mimi nikisoma herufi kwa sauti. Juzi umeme ukakatika tena saa mbili usiku. Ulivyorudi akawasha, akazungusha boksi mara mbili bila kuniangalia, akafungua madesa yake. Chipsi nilizomwahidi kwa ile ripoti bado anadai.