Kompyuta Imerudi Nzima, Ripoti Haimo



Binti wa familia moja tunayoifahamu hapa Tororo alipeleka kompyuta yake kwa fundi Busia, ng'ambo ya mpaka, ilipogoma kuwaka. Kabla ya Adhuhuri akarudishiwa ikiwa nyepesi kama mpya. Ila ripoti yake ya kuhitimu, aliyobakisha wiki mbili kuikabidhi, haikuwemo tena. Fundi alikuwa amerejesha juu ya diski ile picha yake aliyokwisha itayarisha, anayoitumia kwa kila mteja.

Picha ya diski si picha ya kamera. Ni nakala ya diski nzima: Windows, programu, mipangilio na mafaili yote. Ukiirejesha, diski inakuwa kama ilivyokuwa siku ile picha ilipochukuliwa, na vilivyokuwemo vinafutwa. Fundi hakuuliza kama kuna kazi ndani, na binti naye hakusema. Sisi tunaona lawama ni ya wote wawili, ingawa ya fundi ni kubwa zaidi.

Rai yetu ni kwamba kila nyumba ichukue picha yake yenyewe wakati kompyuta ingali nzima. Clonezilla ni programu ya bure. Huwashwa kutoka kwenye flashi na huhifadhi zile sehemu za diski zenye kitu tu. Picha iwekwe kwenye diski ya nje, isikae ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Tahadhari iwe kwenye kuchagua diski ya chanzo na diski ya kupokea, maana ukizigeuza umejifanyia alivyofanya fundi. Na umeme wetu mnaujua: betri ijae kwanza.

Zile picha za mafundi zenye Windows isiyolipiwa hatuzipendi. Hujui nani aliitengeneza wala ameficha nini ndani. Vilevile picha yenu ina siri na sura za watu wa nyumbani. Ni amana, isiachwe kwenye droo ya duka.

Wanafunzi, msitegemee picha peke yake. Iliyochukuliwa Ramadhani haijui mlichoandika Shawwal. Insha inakiliwe kwenye flashi kila jioni.

Binti yetu ameongezewa mwezi mmoja na msimamizi wake. Sasa yuko sura ya pili, anaiandika upya kwa kukumbuka.