Usimzibe Mlinzi Kinywa

Maumivu ni mlinzi wa mwili. Mwenye nyumba akiamshwa usiku na mlinzi wake, hamzibi kinywa ili apate kulala. Huondoka akatazama mlango. Lakini wako vijana, na wako wakubwa wawashaurio, wafanyao kinyume cha haya katika viwanja vya michezo.

Chukua mfano wa mchezaji wa shule katika Kitui au Makueni. Kifundo cha mguu kimeteguka Jumatano, na Jumamosi kuna mashindano. Hununuliwa diklofenaki au ibuprofeni katika duka la dawa, akameza, maumivu yakanyamaza, akaingia uwanjani. Watu husema amepona. Hakupona hata kidogo. Dawa hizi huzuia mwili kufanya prostaglandini, kemikali ziletazo uvimbe na maumivu; kano iliyochanika haziishoni. Kijana hukimbia juu ya jeraha asilolisikia, na jeraha dogo likawa kubwa.

Tena prostaglandini hizo hizo huulinda utando wa tumbo, na husaidia damu kufika kwenye figo mwili unapopungukiwa na maji. Sasa itazame Ukambani yetu: jua kali, mito ya mchanga, uwanja wa vumbi, na mchezaji atokwaye jasho tangu asubuhi. Kumpa dawa hii akiwa na njaa na kiu ni kulitia tumbo lake na figo zake hatarini kwa ajili ya kikombe.

Atasema mtu kwamba hata mabingwa humeza. Ni kweli. Uchunguzi wa FIFA uliona kuwa katika Kombe la Dunia la 2010 zaidi ya nusu ya wachezaji walitumia dawa za maumivu. Na mwaka 2012 daktari mkuu wa shirika hilo, Jiri Dvorak, alionya juu ya desturi hiyo. Kosa haligeuki hekima kwa wingi wa watendao.

Sisemi dawa hizi ni adui. Zina kazi yake kwa siku chache, baada ya chakula, kwa kipimo cha daktari, mguu ukipumzishwa. Nikataalo ni kuzimeza ili kucheza.

Basi, msomaji, mguu ukiuma keti, uinue, uende zahanati. Mwambie mwalimu wako kweli, hata kama jina lako litafutwa katika orodha. Mficha maradhi kifo humfichua. Kikombe kitashindaniwa tena mwakani. Mguu wako ni huo huo.